Skauti Wako Tayari. Walezi Wako Wapi?

Mgeni mashuhuri anapowasili mkoani, awe kiongozi wa Chama au wa Serikali, mara nyingi mtu anayemkaribia kwanza ni mtoto. Mtoto huyo, akiwa katika sare iliyopigwa pasi, hutembea kwa hatua za kuhesabu, hupiga saluti ya vidole vitatu, kisha humvisha mgeni skafu shingoni. Wananchi hupiga makofi, wapiga picha hufanya kazi yao, na msafara ukaendelea. Shughuli yote haimalizi dakika mbili.

Ndugu msomaji, huenda umeliona jambo hilo mara nyingi mno hata usilitafakari tena. Nani alimfundisha mtoto huyo kuikunja skafu ile? Nani aliketi naye Jumamosi baada ya Jumamosi, jua la saa tisa likiwaka, mpaka akaacha kutetemeka mbele ya watu? Nyuma ya skauti anayeonekana yuko mtu mzima asiyeonekana, asiyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na ambaye jina lake halisomwi katika risala yoyote.

Makala hii inamhusu mtu huyo. Inamhusu pia kijana wa miaka 16 au 17 anayemsaidia. Na inakuhusu wewe mfanyakazi unayesoma gazeti hili leo, siku ya mapumziko, kwa sababu watu wa namna hiyo ni wachache, na pale wanapokosekana kundi la skauti hufa hata kama watoto wake bado wanalipenda.

KUNDI HUFA KWA BARUA MOJA

Makundi mengi ya skauti nchini mwetu yamefungamana na shule, na mlezi wa kundi huwa ni mwalimu wa shule hiyo. Utaratibu huu una manufaa yake. Mwalimu anawajua watoto, uwanja upo, na wazazi wana imani na mahali penyewe. Lakini una udhaifu mmoja mkubwa. Mwalimu ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma huhamishwa.

Tuchukue kwa mfano kata kama Ziwani, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, au kata nyingine yoyote ya upande ule wa kusini, kuanzia Mikindani mpaka pale Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Tuseme mwalimu mmoja kijana amepangiwa kazi huko, naye amekuwa skauti tangu utoto wake. Anakusanya watoto 30. Mwaka wa kwanza wanajifunza kufunga mafundo, kusoma dira, kupika nje na kumhudumia aliyeumia. Mwaka wa pili wanapiga kambi. Mwaka wa tatu inakuja barua ya uhamisho, na mwalimu anafunga mizigo yake kwenda Sumbawanga.

Jumamosi inayofuata watoto wanafika uwanjani kama ilivyo desturi. Wanakaa chini ya mkorosho wakingoja. Jumamosi ya pili inafika nusu yao. Ya tatu wanafika watatu, wanatazamana, wanarudi nyumbani. Hapakuwa na mkutano wa kulivunja kundi hilo, wala hakuna aliyeamua kwamba lisiwepo. Lilikosa mtu wa pili, basi.

Kwa hiyo tunaposema kwamba skauti wana shida, tusikimbilie kutaja mahema na sare. Vitu hivyo vinahitajika, lakini kundi lenye walezi watatu na lisilo na hema hata moja litadumu kuliko kundi lenye mahema kumi na mlezi mmoja. Kila kundi linahitaji watu wazima zaidi ya mmoja, na baadhi yao wasiwe walimu.

CHIMBUKO LA CHAMA

Uskauti ulianza na kambi ndogo. Mwezi Agosti, 1907, Robert Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa amepigana vita huku Afrika, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Aliwachanganya watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi, akawagawa katika vikundi vinne, akakipa kila kikundi kiongozi miongoni mwao wenyewe, kisha akawaacha wajifunze kwa kutenda.

Mwaka 1908 alitoa kitabu kilichoeleza mbinu zake. Lililofuata linastahili kukumbukwa na kila mzazi. Watoto walikisoma, wakajiundia vikundi wenyewe, halafu wakaenda kuwatafuta watu wazima wa kuwaongoza. Tangu mwanzo wake, basi, chama hiki kilikuwa na watoto wengi kuliko walezi.

Hapa kwetu mwanzo wa uskauti unahesabiwa kuwa mwaka 1917, na ule wa chama dada cha wasichana, Girl Guides, kuwa mwaka 1928. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, skauti wetu waliingia katika chama cha dunia wakiwa na jina la nchi yao. Miaka 10 baadaye, mwezi Julai, 1973, mkutano mkuu wa skauti wa dunia ulifanyika Nairobi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Baden-Powell mwenyewe aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, nchini Kenya, akafia huko tarehe 8 Januari, 1941, na kaburi lake lipo huko mpaka leo.

Hatuna sababu ya kuficha kwamba chama hiki kiliingia nchini pamoja na ukoloni, na kwamba wapo waliokitazama kwa jicho la mashaka. Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, skauti walivunjwa na malezi ya vijana yakashikwa na Chama cha Afro-Shirazi. Bara uskauti uliendelea, na haukugongana na fikra za nchi huru. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mtoto wa Kitanzania ajengewe akili ya kuuliza, moyo wa kushirikiana na uwezo wa kujiamini. Anayewatazama watoto 8 wakihangaika kupanga kambi yao bila kuamrishwa na mkubwa ataona mambo hayo matatu mahali pamoja.

KUSINI WANAMJUA KUNGWI

Pengine msomaji wa Mtwara atasema kwamba haya ni mambo ya kigeni. La hasha. Mila za kusini zinamjua vizuri mtu mzima anayejitoa kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

Katika jando na unyago, mtoto haachwi peke yake. Yuko mkubwa aliyekwisha kupita njia hiyo, ambaye hukaa naye, humtazama anapougua, humfundisha namna ya kuishi na watu, na humrudisha kwa wazazi wake akiwa ameongezeka kitu. Mtu huyo hana mshahara, bali ana heshima. Miaka mingi baadaye, mtoto yule akiwa baba au mama wa watu, bado humwamkia kungwi wake kwa adabu.

Mlezi wa skauti ni ndugu wa kungwi. Ziko tofauti, na ni vizuri zijulikane. Uskauti hauna siri; mzazi anaruhusiwa kufika wakati wowote na kutazama yanayofundishwa. Hauchukui nafasi ya mila wala ya dini, kwani ahadi ya skauti inaanza na wajibu wake kwa Mungu, na kila mtoto anashika dini ya wazazi wake. Tena malezi yake hayaishi kwa majuma machache, bali huendelea kwa miaka. Lakini mzizi ni ule ule: mtoto hukua vizuri zaidi akiwa na mkubwa mmoja zaidi ya baba na mama yake.

Baden-Powell naye alichukua mambo kutoka Afrika. Walezi waliohitimu mafunzo ya juu, yaliyoanza mwaka 1919 huko Gilwell, nchini Uingereza, huvishwa shanga za mbao. Zile za kwanza, kwa maelezo yake, zilitoka katika mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Iko pia desturi ya kupeana mkono wa kushoto, ambayo mara nyingi hufungamanishwa na masimulizi ya mashujaa wa Waashanti, walioiweka kando ngao ya mkono wa kushoto ili kumwonyesha mwenzao kwamba wanamwamini. Desturi hii huwashtua wazee wetu wa pwani, ambao kwao mkono wa kushoto haumsalimu mtu. Mlezi mwenye busara huwafafanulia wazee mapema, na huwafundisha watoto kwamba mkono ule ni wa skauti kwa skauti. Nyumbani, mzee huamkiwa kwa namna ya nyumbani.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi hudhani kwamba mlezi wa skauti ni lazima awe mtu wa kupaza sauti na kuwachezesha watoto gwaride. Gwaride lipo, lakini ni sehemu ndogo. Kazi ya mlezi ina mambo matatu.

La kwanza ni kufika. Watoto huvumilia mlezi asiyejua fundo hata moja, lakini hawamvumilii anayeahidi kisha asionekane. Mlezi anayefika kila Jumamosi, hata akiwa hana jambo jipya, anawafundisha maana ya ahadi pasipo kutamka neno.

La pili ni kuandaa. Saa mbili za uwanjani zinahitaji saa moja ya kufikiri nyumbani. Leo watafanya nini? Kamba ziko wapi? Mvua ikinyesha tutaingia wapi? Katika pwani ya kusini mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na huo pia ndio wakati wa kulima. Kabla yake, kuanzia kama Septemba au Oktoba, ni msimu wa korosho, ambapo watoto wengi huwasaidia wazazi kuokota. Mlezi anayeijua kalenda ya mahali hapangi kambi wakati wa korosho. Tena huzungumza na mwalimu wa chuo cha Kurani na padri au mchungaji, ili saa za skauti zisiibe saa za dini. Akifanya hivyo atawapata kuwa wasaidizi wake; asipofanya, atapambana nao mpaka achoke.

La tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni kujizuia. Skauti hugawanywa katika vikundi vidogo vya watoto 6 hadi 8, na kila kikundi kina kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao. Tuseme kikundi kinapika ugali kambini. Maji hayajachemka, nao wamekwisha kumwaga unga. Mtu mzima anaona wazi kwamba ugali utakuwa na mabuje. Mkono unamwasha kuunyakua mwiko. Lakini ugali wenye mabuje haujamuua mtu, na mtoto aliyeula ule aliousonga mwenyewe hatarudia kosa hilo. Mlezi hunyamaza. Baada ya chakula huuliza, "Siku nyingine mtafanyaje?" kisha akasikiliza. Huingilia mara moja pale tu penye hatari, kama vile moto, kisu, maji na ugomvi.

WATAALAMU WAKO MTAANI

Wako wanaosema, "Mimi sikuwahi kuwa skauti, nitafundisha nini?" Swali hilo lina jibu karibu na kila mlango.

Mvuvi wa Msangamkuu anayekaza tanga lake kila alfajiri anajua mafundo mengi kuliko vitabu vingi vinavyoyaeleza. Aombwe aje siku moja kwa mwezi. Atawaonyesha watoto fundo la kuunga kamba mbili, na lile la kitanzi kisichokaza, ambalo mtu aliyeanguka majini hufungwa nalo kifuani akavutwa bila kubanwa pumzi. Atawaeleza bamvua na maji mafu, na kwa nini mtu anayeokota pweza kwenye mwamba hutazama saa ya maji kuanza kujaa kabla hajatazama pweza.

Muuguzi aliye katika siku yake ya mapumziko atawafundisha kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Atawaambia kwamba aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hanyonywi sumu, bali hutulizwa, kiungo chake kisitikisike, na hupelekwa hospitali haraka. Atawaonyesha namna ya kutengeneza maji ya kumnywesha anayeharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto wa miaka 12 anayejua vipimo hivyo anaweza kumsaidia mdogo wake usiku ule ambao gari la kwenda zahanati halipatikani.

Mzee anayeijua mikoko atawatembeza na kuwaeleza kwa nini mahali ilipokatwa samaki hupungua na ufuko huliwa na mawimbi. Eneo hilo lina utajiri mkubwa wa kujifunzia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko, visiwa na vijiji vya watu. Karani wa bandarini naye asijione hana kitu. Kundi linahitaji mtu wa kutunza daftari la michango na kusoma hesabu mbele ya wazazi, maana makundi mengi huingiwa na ugomvi kwa sababu ya fedha ndogo zisizoandikwa.

Elimu hiyo si mchezo wa kupoteza wakati. Tarehe 25 Aprili, 2019, watu wa Mtwara waliamka wakijua kwamba kimbunga Kenneth kilikuwa baharini karibu nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari, na wakazi wa mabondeni walitakiwa kuhama. Jioni ile kimbunga kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na makumi ya watu walipoteza maisha nchini humo. Mtwara ilinusurika. Wazee wanakumbuka kwamba pwani hiyo haikunusurika kila mara, kwani mwezi Aprili, 1952, kimbunga kilipiga eneo la Lindi. Wito wa skauti ni maneno mawili: Uwe Tayari. Asubuhi kama ile ya 2019, mtoto aliyekwisha kufundishwa kuweka akiba ya maji, kufunga nyaraka za nyumbani katika mfuko wa nailoni na kumshika mkono bibi yake kuelekea mlimani ana thamani kubwa katika familia.

MTOTO ALINDWE KWANZA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini. Mtu mzima anayewataka watoto wa wenzake kila Jumamosi, tena bure, anatafuta nini? Swali hili si la ufidhuli. Mzazi ana haki ya kuliuliza, na mlezi mwema hakasiriki akiulizwa.

Jibu lake liwe taratibu zinazoonekana, kwa kuwa tabia njema ya mtu haipimwi kwa macho. Mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja. Siku zote wawepo watu wazima wawili au zaidi, na mazungumzo ya siri yafanywe mahali ambapo wengine wanaona hata kama hawasikii. Kambini, wakubwa walale mbali na watoto, wavulana mbali na wasichana, na wanapokuwapo wasichana awepo mlezi mwanamke. Hakuna kiboko, hakuna adhabu ya kumdhalilisha mtoto, na hakuna mchezo wa kumtesa mgeni kwa kisingizio cha kumkaribisha. Safari yoyote iwe na ruhusa ya maandishi ya mzazi na orodha ya majina inayohesabiwa wakati wa kwenda na wa kurudi. Hakuna kuogelea baharini bila mkubwa anayejua kuogelea akiwa amekaa kutazama maji, na bila kujua saa za kujaa na kupwa.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kila mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa ana wajibu wa kutoa taarifa. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Watoto wenyewe waijue kama wanavyoijua ahadi yao. Anayetaka kujitolea akaona taratibu hizi ni usumbufu, heri aambiwe mapema kwamba kazi hii si yake.

KIJANA MSAIDIZI

Kati ya mtoto na mtu mzima yuko kijana. Umri wa miaka 15 hadi 17 ndio umri ambao makundi mengi huwapoteza skauti wao. Kijana anaona kwamba amekwisha kuyajua yote, sare imekuwa fupi, na wenzake mtaani wanamcheka.

Dawa yake ni kumpa kazi ya kweli. Watoto wadogo wa shule za msingi, waitwao kabu, humtazama dada au kaka wa miaka 16 kwa macho ambayo hawamtazami nayo mwalimu. Kijana huyo apewe watoto 6, aambiwe, "Hawa ni wako Jumamosi hii, tayarisha mchezo mmoja na somo moja." Hapo atagundua kwamba kujua fundo ni jambo moja na kumfundisha mtoto wa miaka 8 aliye na usingizi ni jambo jingine kabisa. Atajifunza subira, matayarisho na kusema wazi, mambo ambayo baadaye yatamfaa kazini na katika nyumba yake.

Tahadhari ni hii: kijana wa miaka 16 bado ni mtoto kisheria. Ni msaidizi, hahesabiwi kuwa mmoja wa wale watu wazima wawili, na wala asiachiwe kundi peke yake kwa sababu mlezi amepata udhuru. Akishatimiza miaka 18 ataingia daraja la rova, ambamo vijana hujifunza utumishi kwa jamii, na hapo anaweza kupewa mzigo mkubwa zaidi. Kundi linalowalea wasaidizi wake kwa namna hii halitatishwa na barua ya uhamisho, kwa sababu mlezi wa kesho amekwisha kukua ndani yake.

"SINA NAFASI"

Neno hili ndilo linalosikika zaidi. Mfanyakazi wa mjini anatoka kazini jioni, ana mke au mume, ana watoto, ana misiba na harusi, na pengine ana biashara ndogo ya kuongezea kipato. Hatuwezi kumlaumu. Lakini tupige hesabu. Saa mbili uwanjani na saa moja ya matayarisho ni saa tatu kwa juma. Walezi wanne wakipokezana wawili wawili, kila mmoja hutoa saa tatu kila baada ya majuma mawili. Watazamaji wa mpira wanajua kwamba saa tatu hupita upesi.

Tena asijitwishe mzigo asiouweza. Ni afadhali mtu aahidi Jumamosi moja kwa mwezi na kuitimiza mwaka mzima, kuliko aahidi zote nne na kutoweka baada ya miezi miwili. Mtoto aliyeachwa na mkubwa mara moja huwa mzito kumwamini wa pili.

Wapo pia wanaouliza, "Nitapata nini?" Fedha hatapata, na anayemwahidi fedha anamdanganya. Huenda nauli yake mwenyewe ikamtoka. Atakachopata ni kuwajua watoto wa mtaa wake kwa majina, na kujulikana nao. Mwenye watoto wake mwenyewe atashangaa kuona kwamba, baada ya mwaka mmoja wa kuwasikiliza watoto wa wenzake, anawasikiliza wa kwake vizuri zaidi.

PA KUANZIA

Anayetaka kujitolea aanzie shule iliyo karibu naye. Amwone mwalimu mkuu, aulize kama lipo kundi la skauti au la Girl Guides na ni nani mlezi wake. Kama lipo, asiingie na mipango mikubwa. Kwa mwezi mmoja afike, aketi, atazame na kubeba kamba. Kama halipo, aonane na kamishna wa skauti wa wilaya, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuandikisha kundi na kueleza mafunzo ya walezi. Asikusanye watoto kwanza ndipo atafute kibali baadaye.

Aitishwe mkutano wa wazazi. Waelezwe saa, mahali, majina ya walezi na michango, na waambiwe kwamba sare inaweza kungoja. Makundi huanza na skafu tu, na hata skafu ikikosekana mtoto asirudishwe nyumbani. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa meneja wakiketi pamoja kula ming'oko waliyoichemsha wenyewe, sare haiulizwi.

Jambo la mwisho ni kwamba mlezi, tangu mwaka wake wa kwanza, amtafute atakayeshika nafasi yake. Amfundishe, amwachie Jumamosi nzima aiongoze, na amtambulishe kwa wazazi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao hawakuutaja mkono wa mwalimu wala wa mzazi peke yake. Uhamisho utakuja, ugonjwa utakuja, na uzee hauna budi kuja. Yanapokuja hayo, wawepo watu wazima wengine wa kuwapokea watoto Jumamosi ile ile, saa ile ile.